Kinanda kilichokataa kukaa nyuma: uchambuzi wa Machine Head ya Deep Purple

Watu wengi wanaijua Machine Head, albamu ya mwaka 1972 ya bendi ya roki ya Uingereza Deep Purple, kwa rifu moja ya gita (kipande kifupi kinachorudiwarudiwa), ile ya wimbo Smoke on the Water. Hata asiyeweza kumtaja mwanamuziki mmoja wa roki anaitambua ikipigwa. Hebu irudie sehemu ya mwanzo, safari hii kwa utulivu. Gita linaanza peke yake. Hi-hat, yale matoazi mawili ya mpiga ngoma, inaingia, na pamoja nayo inakuja sauti nyingine inayopiga noti zilezile, nene, yenye mikwaruzo, imelibana gita bega kwa bega. Wasikilizaji wengi hudhani ni gita la pili. Deep Purple haikuwa na gita la pili. Hicho ni kinanda, Hammond C3, kimechomekwa kwenye amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya gita.

Uchambuzi huu unaifuata albamu kwa kukishika kinanda hicho. Jon Lord aliikataa kazi ambayo bendi nyingi zilimpa mpiga kinanda, ya kujaza nafasi nyuma ya mwimbaji, na mazingira ya kurekodi yakambana yeye na mpiga gita Ritchie Blackmore ndani ya mwili mmoja wa sauti. Anayesikiliza gita tu anapata nusu ya albamu.

Moto, polisi na hoteli iliyofungwa

Mwaka 1971 bendi ilikuwa na watu watano: Ian Gillan mwimbaji, Blackmore kwenye gita, Lord kwenye kinanda, Roger Glover kwenye besi na Ian Paice kwenye ngoma. Walishatoa In Rock mwaka 1970 na Fireball mwaka 1971, ila walikuwa na dukuduku: jukwaani walikuwa wakali kuliko studioni. Wakaamua kutafuta ukumbi mtupu, wapige kama wako mbele ya watu, mitambo ya kurekodi ikae nje ndani ya gari. Gillan alipougua homa ya ini, ziara yao ya Marekani ikavunjika na nafasi ikapatikana. Mahali walipopachagua ni Montreux, Uswisi, kando ya Ziwa Geneva, ndani ya kasino ya mji huo iliyokuwa inakaribia kufungwa kwa majira ya baridi.

Mji huo una uhusiano na kwetu. Ndiko ilikosimamishwa sanamu ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, na studio ya Mountain ambayo Queen waliinunua baadaye ilikuwa ndani ya kasino hiyohiyo, ikishajengwa upya baada ya yale yaliyotokea Desemba 1971.

Yaliyotokea ni haya. Tarehe 4 Desemba, Frank Zappa na bendi yake ya Mothers of Invention walikuwa wanatumbuiza kasinoni. Mtazamaji mmoja akafyatua bastola ya kurushia miale ya ishara, moto ukashika darini, na jengo zima likateketea. Hakuna aliyefariki. Claude Nobs, mmoja wa waasisi wa tamasha la jazi la Montreux, alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiwatoa watu nje. Moshi ukatanda juu ya maji ya ziwa, Deep Purple wakiutazama, na siku chache baadaye Glover akaamka usingizini na jina la wimbo mdomoni: Smoke on the Water, moshi juu ya maji.

Bendi ikabaki na gari la kurekodia lisilo na pa kuegeshwa. Lilikuwa gari la Rolling Stones, studio kamili juu ya magurudumu, ambalo Led Zeppelin nao walikuwa wamelitumia. Nobs akawapatia Pavilion, ukumbi wa maonyesho mjini. Wakapanga vyombo, wakapiga msingi wa wimbo mmoja ambao bado haukuwa na maneno, na usiku huohuo majirani wakaita polisi kwa ajili ya kelele. Wakaondoka pale na mkanda wa wimbo mmoja tu.

Kituo cha tatu kilikuwa Grand Hotel, pembezoni mwa mji, imefungwa, tupu, baridi kali. Hapo walipiga kwenye korido. Magodoro yalisimamishwa kuziba njia na kumeza mwangwi. Kutoka kwenye vyombo hadi kwenye gari alikokaa fundi wa sauti Martin Birch, ilibidi kupita vyumba vya kulala na roshani, kisha kutoka nje kwenye baridi. Baada ya safari kadhaa wakaacha kabisa kwenda kusikiliza walichorekodi. Wakiona kipande kimekaa, wanaendelea na kingine. Kazi yote, pamoja na ule usiku wa Pavilion, ilifanyika kati ya tarehe 6 na 21 Desemba 1971, na albamu ikatoka Machi 1972.

Kwa kinanda, korido ile ina maana kubwa. Kinanda kwenye rekodi nyingi za wakati huo kinasikika kama kimewekwa mbali, kimezungukwa na mwangwi wa ukumbi, kwa sababu akili za watu zilikuwa bado kanisani. Godoro halirudishi mwangwi. Sauti ya Lord ilinaswa karibu na ikiwa kavu, sawasawa na ya gita. Na kwa kuwa wapigaji walikuwa wanapiga kwa pamoja wakiwa wamebanana, Lord hakuwa na nafasi ya kupamba baadaye kwa tabaka juu ya tabaka. Alilazimika kujua palepale ni wapi aingie na ni wapi anyamaze.

Chombo chenyewe

Ndani ya C3 hamna mabomba ya upepo. Kuna magurudumu madogo ya chuma 91 yanayozungushwa na mota moja. Ukingo wa kila gurudumu umekatwa mawimbi kama meno, nalo linazunguka mbele ya sumaku iliyoviringishiwa waya. Kila jino linapopita, umeme mdogo unapanda na kushuka. Idadi ya meno na kasi ya gurudumu ndivyo vinavyoamua noti. Kila gurudumu linatoa sauti nyofu, laini, karibu kama filimbi. Ukali wote wa kinanda hiki unatokana na namna sauti hizo zinavyochanganywa.

Anayechanganya ni mpigaji. Kuna safu mbili za funguo 61, na kila safu ina seti za vijiti tisa vya kuvuta, kila kijiti kikiwa na hatua kuanzia 0 hadi 8. Vimepewa majina ya urefu wa mabomba ya zamani: kijiti cha futi 8 ni noti yenyewe, cha futi 16 ni oktavu moja chini yake (noti ileile kwa nusu ya mitetemo), cha futi 5⅓ ni noti ya tano juu yake, na kuendelea hadi futi 1. Wapigaji huandika mpangilio kwa tarakimu tisa. 888000000 maana yake vijiti vitatu vya kwanza vimevutwa hadi mwisho na sita vilivyobaki vimefungwa. Mpangilio huo ulitoka kwa wapigaji wa jazi wa Marekani kama Jimmy Smith, ambaye Lord alimsikiliza sana, na ndio mahali pa kuanzia kwa yeyote anayetafuta sauti ya Machine Head.

C3 haijali umebonyeza kwa nguvu au kwa upole, noti inatoka na ukubwa uleule. Kupanda na kushuka kwa sauti kunafanywa na mguu wa kulia kwenye pedali. Pia kila ufunguo una viunganishi tisa vya umeme ambavyo havigusani kwa wakati mmoja kabisa, kwa hiyo noti inapoanza unasikia mkwaju mdogo, "tk". Wahandisi wa Hammond waliuona mkwaju huo kuwa kasoro. Wanamuziki waliupenda, kwa sababu unafanya kazi ya kucha inayogonga uzi wa gita.

Kwa desturi chombo hiki kinaunganishwa na spika ya Leslie, kabati lenye honi na pipa vinavyozunguka, ndiyo maana sauti ya Hammond unayoijua kutoka kwenye nyimbo za injili inayumbayumba. Lord aliitumia Leslie pia. Ila Blackmore alikuwa na Marshall Major, amplifaya ya gita ya wati 200, na mbele ya mashine hiyo kabati la wati 40 linamezwa. Lord akafanya jambo lililo wazi ukishaliona: akakipeleka kinanda chake nacho kwenye Marshall.

Kwa nini Marshall inabadilisha kila kitu

Hapa ndipo penye siri ya albamu, na panahitaji hesabu kidogo.

Amplifaya ya valvu (taa za kioo za zamani zinazokuza sauti) ikipewa sauti kubwa kuliko inavyoweza kubeba, inakata vilele vya mawimbi. Ukiipa noti moja nyofu, inaongeza juu yake noti nyingine ambazo ni mara mbili, mara tatu, mara nne ya ile ya kwanza. Ukiipa noti mbili kwa pamoja, inazaa kitu cha ziada: noti ambayo ni tofauti kati ya hizo mbili.

Chukua noti mbili za mwanzo za rifu, D na G, ambazo Blackmore anazipiga kwa vidole, bila kijiti cha kupigia. D ina mitetemo 146.8 kwa sekunde, G ina 196.0. Tofauti yao ni 49.2. Noti ya G iliyo oktavu mbili chini ina mitetemo 49.0. Maana yake amplifaya yenyewe inapiga besi ya G ambayo hakuna aliyeipiga, na inakaa kwenye tuni karibu kabisa. Rifu nzima imejengwa kwa noti pacha zenye umbali huohuo wa nne (D, E, F, G), kwa hiyo kila hatua inajizalia besi yake. Lord anapoongeza noti zilezile kupitia Marshall ya pili, jambo hilo linatokea mara mbili kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu noti chache zinasikika nzito kama ukuta kabla Glover hajagusa uzi hata mmoja.

Sasa jaribu noti mbili zenye umbali wa tatu, C na E za katikati ya kinanda: 261.6 na 329.6. Tofauti ni 68.0. C ya oktavu mbili chini ni 65.4. Amplifaya inazaa besi iliyopishana na tuni kwa karibu theluthi mbili ya nusu toni (hatua ndogo kabisa kati ya funguo mbili za kinanda), nayo inakorogana na kila kitu. Hapo ndipo wapiga kinanda wengi wanaoiga albamu hii wanapokwama: wanavuta vijiti vyote tisa, wanabonyeza kodi nzima (noti kadhaa kwa pamoja) ya vidole vinne, wanafungua mikwaruzo, wanapata tope. Lord kwenye sehemu nzito anapunguza. Anapiga noti moja, mbili, au noti na oktavu yake.

Na noti moja inamtosha. Tazama tena 888000000: kijiti cha futi 16 ni moja, cha futi 8 ni mara mbili yake, cha futi 5⅓ ni mara tatu. Hizo ndizo noti ambazo mpiga gita wa roki anazishika kwa vidole viwili au vitatu anapotaka uzito: mzizi, oktavu na ya tano. Lord anazipata kwa kidole kimoja, huku vingine vikiwa huru kukimbia.

Pedali nayo inageuka. Kwenye Hammond pedali inafanya kazi kabla sauti haijafika kwenye amplifaya ya nje. Lord akiinua mguu, Marshall inapata kidogo na sauti inatoka safi. Akikanyaga, Marshall inazidiwa na kuanza kunguruma. Mguu wake unakuwa unaongoza kiasi cha mikwaruzo pamoja na ukubwa wa sauti. Chombo ambacho hakijui kama kimebonyezwa kwa upole au kwa hasira kinapata hasira kupitia mguuni.

Wimbo kwa wimbo, tukifuata mkono wa Lord

Albamu ina nyimbo saba, dakika 37 na ushei. Hazistahili muda sawa.

Highway Star ndiyo ya kufungulia, na ndiyo inayoonyesha wazi kuwa hii ni bendi ya wapiga solo wawili. Baada ya ubeti wa pili anayeingia ni Lord, kabla ya gita. Anajenga mistari inayoshuka na kupanda kwa ngazi juu ya mfululizo wa kodi wenye harufu ya Bach, na hapo unasikia miaka yake ya utotoni ya kusomea piano ya klasiki. Ubeti wa tatu unapita, kisha Blackmore anaingia na solo ambayo, kinyume na kawaida yake, aliitunga noti kwa noti kabla ya kurekodi, nayo imejengwa kwa mtindo huohuo. Zisikilize hizo solo mbili kama swali na jibu. Ukiisikiliza ya gita peke yake utaiona ya ajabu. Ukiisikiliza baada ya ile ya kinanda utajua inajibu nini.

Maybe I'm a Leo ina rifu isiyoanzia kwenye pigo la kwanza, na uzuri wake uko kwa Paice na Glover zaidi. Never Before ilichaguliwa kuwa singo ya kwanza (wimbo unaotolewa peke yake) na ndiyo dhaifu kuliko zote. Pictures of Home, inayofunguliwa na ngoma za Paice, inawapa kinanda na besi kila mmoja zamu yake, halafu inajifanya imekwisha na kurudi. Glover hapewi solo mara nyingi, kwa hiyo usiipite.

Smoke on the Water inafungua upande wa pili wa santuri. Tumeshaueleza mwanzo wake. Huu ndio ule msingi wa Pavilion: karibu waache kuuingiza kabisa, ila walipohesabu dakika wakaona albamu ni fupi, wakaurudia ule mkanda na kuuwekea maneno yanayosimulia moto wenyewe, na Nobs akatajwa ndani yake. Kwa kuwa msingi wake ulipigwa ukumbini na siyo kwenye korido, linganisha ngoma zake na za Space Truckin' uone kama sikio lako linakamata tofauti ya chumba. Solo ni ya gita, lakini wimbo unapofifia mwishoni anayebaki akichezacheza juu ya rifu ni Lord.

Lazy ndiyo ya kukaa nayo. Ni dakika 7 na sekunde 19, na Gillan hafungui mdomo mpaka dakika ya nne imeshapita. Kinanda kinaanza peke yake. Sauti ya kwanza inatoka chini, inavimba, inachanika. Hapo unausikia mguu ukikanyaga pedali na valvu zikizidiwa hatua kwa hatua, kutoka mlio mzito hadi mngurumo. Kisha Lord anaanza kutupa vipande vifupi vya bluzi, anaviacha vining'inie, anarudi na kishindo kingine. Hakuna mdundo bado, yeye ndiye saa. Halafu anaingia kwenye mwendo wa kubembea, bendi inamdaka, na gita linaleta wimbo mkuu. Kuanzia hapo Lord na Blackmore wanapokezana. Angalia anachofanya Lord zamu ikiwa ya Blackmore: mkono wake unakuwa mwepesi, anapiga mikato mifupi kwenye nafasi ambazo gita limeziacha, na mikwaruzo inapungua kwa sababu mguu umeinuka. Gillan anakuja mwishoni na ubeti wake na harmonika, karibu kama mgeni aliyealikwa.

Space Truckin' inafunga kazi. Uzito wa mwanzo wake, ambao watu wengi wanausifia gita, unabebwa kwa kiasi kikubwa na kinanda chenye mikwaruzo. Hakuna solo ndefu ya kinanda kwenye toleo la studio. Lord yuko pale kama chuma kwenye zege.

Namna ya kusikiliza

Spika moja ya bluetooth ndiyo inayoharibu albamu hii kuliko kitu kingine. Inakusanya kushoto na kulia kuwa sauti moja, na kwa kuwa kinanda na gita viko kwenye eneo lilelile la sauti, unapata tonge moja lisilochambulika. Tumia hedifoni za waya, au spika mbili zilizoachana angalau mita moja na nusu. Zima kitufe cha kuongeza besi. Kitufe hicho kinainua Glover na ngoma ya mguu na kulifunika eneo analofanyia kazi Lord.

Mara ya kwanza sikiliza yote bila kugusa kitu. Mara ya pili nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, ambako simu nyingi zina kitelezi cha kusogeza sauti kushoto au kulia. Kisogeze upande mmoja hadi mwisho, sikiliza Highway Star, kisha upande wa pili. Vyombo havijagawanywa kwa usawa, na unavyoondoa upande mmoja vingine vinajitokeza. Kama una ekwaliza (kirekebisha sauti za chini na za juu), punguza kila kitu chini ya Hz 200 na juu ya Hz 4,000. Kinachobaki katikati ni uwanja wa kinanda, gita na sauti ya mwimbaji. Alama ya kumtambua Lord ni hii: noti ya gita ikishapigwa inaanza kufa, hata ikiwa na mikwaruzo. Noti ya Hammond haifi mpaka kidole kiinuke, na ikikatika inakatika ghafla.

Ukitaka kuipiga

Kinanda chochote cha kisasa chenye sauti ya Hammond na vijiti vya kuvuta, hata programu ya simu au kompyuta, kinatosha kuanzia. Weka 888000000. Zima mzunguko wa Leslie au uuweke kwenye kasi ya polepole. Wapigaji wengi wanaufungua wa kasi tangu mwanzo, na sauti inapoteza makali kwa sababu kila noti inatikisika. Swichi ya pekasheni, inayoongeza mdundo mfupi mwanzoni mwa noti, iwashe kwa ajili ya mistari ya haraka kama ya Lazy na uizime kwa rifu. Kumbuka kwamba pekasheni inasikika tu ukiwa umeinua funguo zote kabla ya kubonyeza unaofuata, na kwenye Hammond halisi ukiiwasha kijiti cha mwisho cha futi 1 kinanyamaza.

Pitisha sauti kwenye amplifaya ya gita au mfano wake wa kidijitali pamoja na mfano wa kabati la spika za inchi 12. Kabati usiliruke. Mikwaruzo isiyopita kwenye spika ya gita inazomea kama redio iliyokosa stesheni, kwa sababu spika ya gita yenyewe ndiyo inayokata sauti za juu zinazoudhi. Pedali ya sauti ikae kabla ya amplifaya. Ikikaa baada yake, utapata kupanda na kushuka kwa sauti bila kubadilika kwa mngurumo, na mwanzo wa Lazy hautakubali. Piga noti moja au mbili tu mpaka sikio lizoee.

Ukikuta Hammond halisi iliyotoka Marekani, soma kibandiko chake kabla ya kuichomeka. Mota yake inafuata mizunguko ya umeme wa ukutani. Kule ni Hz 60, kwetu Tanzania na Kenya ni Hz 50. Transfoma ya kushusha volti kutoka 230 hadi 117 itakiokoa kinanda kisiungue, lakini haibadilishi Hz: kitapiga chini kwa zaidi kidogo ya nusu toni tatu, na hakuna mpiga gita atakayetuni kukifuata. Kinahitaji kifaa cha kubadili mizunguko ya umeme. Kuwasha nako kuna utaratibu: shikilia swichi ya kuanzisha kwa sekunde kama 8, kisha ukiwa bado umeishikilia, washa ya kuendesha, subiri sekunde 4 hivi, halafu achia ya kwanza. Na usijitengenezee waya wa kutoka kwenye tundu la Leslie la pini sita kwenda kwenye amplifaya. Tundu hilo linabeba umeme wa ukutani pia, na unaweza kuua.

Toleo lipi

Anza na mchanganyo wa asili wa 1972, yaani namna sauti za vyombo zilivyopangwa pamoja wakati huo. Toleo la miaka 25, la mwaka 1997, lina diski mbili na mojawapo imechanganywa upya na Glover mwenyewe. Linafaa kulinganishia, kwa sababu kila fundi anapoketi kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, anaamua upya kinanda kisimame wapi. Mwaka 2024 ulitoka mchanganyo mwingine, na aliyeufanya ni Dweezil Zappa, mtoto wa yuleyule Frank Zappa aliyekuwa jukwaani kasino ilipowaka. Jihadhari na orodha za kucheza zinazokuwekea Smoke on the Water iliyokatwa kwa ajili ya singo, au ile ya jukwaani kutoka Made in Japan, iliyorekodiwa Osaka na Tokyo Agosti 1972. Hiyo ya jukwaani ni nzuri mno, ila ni kazi nyingine. Humo Space Truckin', ambayo studioni ni dakika nne na nusu, inakaribia dakika 20, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni Lord.

Kuna wimbo wa nane kutoka Montreux. When a Blind Man Cries ulirekodiwa pamoja na hizi saba, Blackmore hakuupenda, ukaachwa nje ya albamu na kuwekwa upande wa pili wa singo ya Never Before. Uliunganishwa na nyimbo wenzake kwenye toleo lile la 1997. Ni wa taratibu, wa huzuni, na humo kinanda kinarudi kwenye kazi yake ya zamani ya kumbeba mwimbaji kutoka nyuma, tena kinaifanya vizuri sana. Kwa uzuri wake unamzidi Never Before mbali. Lakini ukiuweka katikati ya upande wa pili, kati ya Lazy na Space Truckin', utasikia mara moja kwamba Marshall imezimwa.